Jinsi kamati hukusanya maoni na ushahidi kurekebisha sheria ya afya ya akili

SHERIA ya afya ya akili ina uzito wa kipekee. Huruhusu mtu asiyetenda kosa lolote azuiliwe hospitalini bila hiari yake, na mali yake isimamiwe na mwingine. Ndiposa kamati inayopewa jukumu la kuirekebisha hulazimika kuchunguza si maneno ya sheria pekee, bali pia yale yanayowapata wagonjwa, jamaa zao, wauguzi na polisi inapotekelezwa.

Nchini Kenya, sheria iliyofanyiwa mageuzi ni ile ya 1989, iliyoanza kutumika 1991. Chini ya sheria hiyo, mgonjwa aliyelazwa bila hiari angeweza kuzuiliwa kwa miezi sita, na muda huo kuongezwa kwa miezi sita mingine. Polisi wa cheo cha inspekta, na hata chifu, walikuwa na mamlaka ya kumchukua mtu aliyeaminika kuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake.

Mageuzi hayo yalipitia mikononi mwa makundi mawili. La kwanza ni jopokazi lililoundwa na Serikali mnamo Desemba 2019 chini ya uenyekiti wa Dkt Frank Njenga, mtaalamu wa magonjwa ya akili, ambalo liliwasilisha ripoti yake Julai 2020. La pili ni Kamati ya Afya ya Seneti, iliyochambua mswada wa marekebisho uliodhaminiwa na Seneta Maalum Sylvia Kasanga. Rais Uhuru Kenyatta aliutia saini Juni 2022.

Kazi za makundi ya aina hii hutofautiana. Jopokazi huuliza kwa mapana: tatizo ni lipi na chanzo chake ni nini? Kamati ya bunge huwa na mswada mezani, na huuliza kuhusu kila kifungu: kibaki, kibadilishwe au kifutwe?

Kualika maoni

Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 hulitaka Bunge kuhusisha umma katika utungaji wa sheria. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati, ambayo hutoa tangazo magazetini likiwaalika wananchi kuwasilisha maoni kwa maandishi au kufika vikaoni.

Hata hivyo, tangazo pekee halitoshi. Wanaoitikia upesi ni vyama vya madaktari, mawakili na mashirika ya kutetea haki. Mgonjwa aliyelazwa wodini hana gazeti, na aliyefungiwa nyumbani hana nauli. Kamati makini huwafuata huko waliko, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kupima ushahidi

Maoni si ushahidi hadi yapimwe. Kifungu cha 125 huzipa kamati za bunge mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu kuwaita mashahidi na kuagiza stakabadhi. Hivyo kamati inaweza kudai rekodi za waliolazwa bila hiari, muda waliokaa na fedha zilizotengewa hospitali. Aidha, hutegemea uchunguzi wa awali, kama vile ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya 2011, iliyoonyesha jinsi sekta hii ilivyotelekezwa kwa miaka mingi.

Ugumu huzuka ushahidi unapokinzana. Mzazi aliyeshindwa kumdhibiti mwanawe ataomba utaratibu wa kulazwa uwe mwepesi. Aliyewahi kulazwa kwa nguvu ataomba uwe mgumu. Wote wawili husema kweli, na suala hili haliamuliwi kwa kuhesabu mikono. Kamati hutafuta kinga itakayomlinda mmoja bila kumwacha mwingine.

Kuna pia suala la siri. Kanuni ni kwamba vikao vya bunge huwa wazi. Umma huweza kuzuiwa tu iwapo Spika ataridhika kuwa kuna sababu maalum. Anayehofia kuaibishwa au kufutwa kazi akijulikana kuwa aliugua, huenda akanyamaza.

Matokeo

Sheria ya 2022 ilitambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika maamuzi kuhusu matibabu yake, na kuzipa kaunti majukumu. Hata hivyo, kosa la kujaribu kujiua lilisalia katika Kanuni ya Adhabu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu hicho cha 226 kinakiuka Katiba.

Mwishowe, kamati hupimwa kwa ripoti yake. Ripoti bora hueleza, kifungu baada ya kifungu, nani alisema nini, ni pendekezo lipi lililokubaliwa na kwa nini jingine lilikataliwa. Bila maelezo hayo, mwananchi aliyejitokeza kusema hawezi kujua iwapo alisikizwa.