Dawa za Wasiwasi na Bei Yake

Wasiwasi tunaousema hapa, msomaji, si ule umpatao kila mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Ni maradhi kamili: moyo hupiga mbio pasipo sababu, usingizi hutoroka, na mtu huogopa hata njia ya kwenda sokoni. Dawa zake zimetafutwa kwa muda mrefu, na katika kuzisoma habari zake yafaa tuulize swali moja: madhara yake yalikuja lini?

Mwaka 1857 tabibu wa Uingereza, Charles Locock, aliwaarifu wenzake kwamba bromidi ya potasiamu imewasaidia baadhi ya wagonjwa wake wa kifafa. Baadaye bromidi ikawa dawa ya kila mwenye moyo usiotulia. Mgonjwa alilala vizuri, akashukuru. Lakini chumvi hiyo hukawia mno kutoka mwilini. Hata baada ya juma zima zaidi ya nusu yake imo bado, na dozi ya leo hulundikana juu ya ile ya jana. Basi ngozi ilitoka vipele, ulimi ukawa mzito, akili ikavurugika, hata wengine wakapelekwa hospitali za wagonjwa wa akili kwa ugonjwa ulioletwa na dawa yenyewe.

Karne iliyofuata, Frank Berger, mkimbizi kutoka Czechoslovakia, alikuwa Uingereza akitafuta kitu cha kuhifadhi penisilini isiharibike. Panya aliowajaribia walilegea viungo, nao wako macho, watulivu. Uchunguzi huo ndio uliozaa Miltown, iliyouzwa Marekani tangu 1955. Leo Sternbach naye, mkemia aliyehama Uswisi kwenda New Jersey mwaka 1941, alipata bahati ya ufagio: mwaka 1957, maabara yake iliposafishwa, ulionekana unga uliosahauliwa, ukapelekwa kujaribiwa badala ya kutupwa. Huo ukawa Librium mwaka 1960; ndugu yake, Valium, akafuata mwaka 1963.

Vidonge hivi hutuliza upesi. Ndiyo raha yake, na ndiyo hatari yake. Mwili wa aliyevitumia miezi mingi huvizoea. Akiviacha ghafula hutetemeka, hukesha, pengine hupatwa na kifafa. Daktari Leo Hollister na wenzake waliyaonyesha hayo kwa Librium mwaka 1961, yaani kabla Valium haijafika sokoni! Wachache walisikiliza.

Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha fluoksetini, kwa ugonjwa wa huzuni. Jamaa ya dawa hiyo zikaja kutumiwa kwa wasiwasi pia. Hapo mambo yaligeuka. Kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kukosa usingizi, pengine hata wasiwasi kuzidi, huja siku za kwanza. Utulivu huja baada ya majuma kadhaa. Zile za zamani zilikopesha raha zikadai malipo baadaye. Hizi hudai malipo kwanza. Ndiyo sababu wako wanaozitupa siku ya tano, wakidhani hazifai. Daktari mwenye busara huanza na dozi ndogo, huongeza polepole, na madhara yasipokwisha hubadili dawa, kwani isiyomfaa kaka yaweza kumfaa dada. Kazi ya mgonjwa ni kumweleza yote, hata yale ya aibu, wala asiache ghafula. Kwa vijana uangalizi ni mkali zaidi: mwaka 2004 Marekani iliamuru onyo liandikwe juu ya dawa hizi, kwa kuwa wachache kati yao huingiwa na fikira za kujiua hapo mwanzoni. Dalili hiyo ikionekana, daktari huarifiwa siku ile ile.