WATOTO 12 NA KOCHA WAO NDANI YA PANGO LILILOJAA MAJI: SIKU 18 ZILIZOSIMAMISHA DUNIA, NA KINACHOIHUSU MPANDA

Jumamosi ya tarehe 23 Juni 2018 dunia nzima ilikuwa imeganda kwenye TV. Kombe la Dunia lilikuwa linapigwa Urusi, na kuanzia vibanda umiza vya Makanyagio pale Mpanda mpaka Kariakoo watu walikuwa wanabishana nani atabeba ndoo.

Siku hiyo hiyo kaskazini mwa Thailand, mkoa wa Chiang Rai, karibu kabisa na mpaka wa Myanmar, kulikuwa na timu ya watoto ya mtaani tu, inaitwa Nguruwe Pori. Wakamaliza mazoezi, wakapanda baiskeli zao, wakaenda kutembea kwenye pango linaitwa Tham Luang. Walikuwa watoto 12, wa miaka 11 mpaka 16, pamoja na kocha wao msaidizi, kijana wa miaka 25.

Mpango ulikuwa wakae saa moja tu. Basi bwana, wa mwisho kati yao alikuja kuliona jua siku ya 18.

WALINASA VIPI?

Pango lenyewe sio la kitoto. Lina urefu wa kama kilomita 10. Kuna sehemu pana kama ukumbi wa harusi, na kuna sehemu nyembamba mpaka mtu mzima anapita kwa kutambaa na kujibinya. Mlangoni kulikuwa na kibao cha kuonya watu wasiingie kipindi cha mvua, kuanzia Julai. Watoto waliingia Juni, kwa hiyo kwa hesabu za kalenda walikuwa salama. Ila mwaka ule mvua ikawahi.

Ubaya wa pango ni kwamba ukiwa ndani mvua huioni wala huisikii. Inanyesha juu mlimani, maji yanapenya kwenye mawe ya chokaa, yanajikusanya taratibu, halafu yanakuja kwa fujo. Walipogeuza warudi, njia ilikuwa imeshazibwa na maji. Kilichobaki ni kukimbilia ndani zaidi, mpaka wakapata sehemu iliyoinuka, kama kilomita 4 kutoka mlangoni. Wakakaa hapo kwenye giza totoro, bila chakula.

Jioni wazazi wakaanza kuhangaika, watoto hawajarudi. Msako ukafika pangoni, na pale mlangoni zikakutwa baiskeli na mabegi.

Shika hapo kwenye baiskeli, maana tutarudi. Zile baiskeli ndizo zilizowaambia watu kwamba kuna watoto ndani.

SIKU 9 BILA KUJULIKANA KAMA WAPO HAI

Wanajeshi wazamiaji wa Thailand walianza kuingia, lakini maji yalikuwa tope tupu, mkondo mkali, na mzamiaji hauoni hata mkono wake mwenyewe. Kuzamia baharini ni kitu kimoja. Baharini ukipata shida unapanda juu. Pangoni juu kuna mwamba.

Ndani kule kocha msaidizi, ambaye aliwahi kuwa mtawa wa Kibudha, aliwafundisha watoto kutulia na kupumua taratibu ili wasimalize nguvu. Maji ya mafuriko hawakuyanywa, walikinga yale yanayodondoka kutoka kwenye mwamba. Wakawa wanachimba ukuta kwa mawe kwa zamu, wakitafuta njia. Njia hawakupata, ila angalau walikuwa na kazi ya kufanya badala ya kukaa wanasubiri kifo.

Usiku wa tarehe 2 Julai wazamiaji wawili wa Kiingereza wakaibuka kwenye maji, wakawasha taa, wakaona macho. Wakauliza mko wangapi? Jibu likaja kwa Kiingereza kutoka kwa mtoto mmoja: 13. Wote wapo, wote wazima.

Hapa kuna vitu viwili vya kufikirisha. Wale wazamiaji hawakuwa makomando. Mmoja ni mstaafu wa zimamoto, mwingine ni mtu wa kompyuta, na kuzamia mapangoni ni mambo yao ya wikiendi. Kingine, yule mtoto aliyejibu alikuwa hana uraia wa nchi yoyote. Mtoto ambaye kwenye makaratasi hayupo, ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote.

KUPATIKANA SIO KUTOKA

Watu walishangilia kama tayari imeisha. Kumbe ndio kwanza ngoma ilikuwa inaanza. Watoto hawajui kuzamia, na wengine hata kuogelea ilikuwa shida. Kukawa na mawazo ya kusubiri miezi mpaka mvua ziishe, na mawazo ya kutoboa mlima kutokea juu. Wakati wanabishana, hewa mle ndani ikawa inapungua. Kawaida hewa ina oksijeni asilimia 21, pale walipo ilishuka mpaka 15.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai likatokea pigo. Mzamiaji mmoja, mwanajeshi wa zamani wa majini wa Thailand aliyekuja kwa kujitolea, alikuwa anapanga mitungi ya hewa njiani. Wakati anarudi akapoteza fahamu, akafariki. Kama mtu aliyefundishwa kazi hiyo anafia njiani, mtoto wa miaka 11 atapitaje?

Jibu lililopatikana lilikuwa la kutisha: walazwe usingizi. Daktari wa usingizi kutoka Australia, ambaye naye ni mzamiaji wa mapangoni, aliingia mpaka walipo, akawa anawachoma sindano ya ketamine mmoja mmoja. Mtoto akishalala anavalishwa barakoa ya kufunika uso mzima, mikono inafungwa ili akizinduka katikati ya maji asiing'oe, halafu mzamiaji anamvuta kama mzigo kwa saa kadhaa. Njiani dawa ikianza kuisha, mzamiaji mwenyewe anamchoma nyingine. Daktari huyo alikuja kukiri kwamba hakuamini kabisa kama mpango utafanikiwa. Serikali ya Thailand ilimpa kinga mapema, ili watoto wakifia mikononi mwake asishtakiwe.

Tarehe 8 Julai wakatoka 4. Tarehe 9 wakatoka 4. Tarehe 10 wakatoka 4 wa mwisho na kocha wao. Wote 13 wazima. Baada ya hapo pampu kubwa ikagoma, maji yakaanza kupanda, na waokoaji waliobaki ndani wakatoka mbio.

Tukio hilo lilikusanya maelfu ya watu. Kulikuwa na wapishi, wafua nguo za waokoaji, na wakulima ambao mashamba yao ya mpunga yalizamishwa na maji yaliyokuwa yanavutwa pangoni. Kuna wakulima walikataa hata fidia, wakasema mpunga unapandwa tena, mtoto hapandwi.

SASA TURUDI BONGO

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Wathai, sisi mapango ya namna hiyo hatuna. Ni kweli, Tanzania kinachomeza watu ni mashimo ya kuchimbwa kwa mikono.

Usiku wa mwezi Machi 2008 mvua kubwa ilishuka Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite kule Simanjiro. Maji yakaingia kwenye mashimo wakati vijana wapo chini wanapiga kazi. Makumi walikufa. Na haikuwa mara ya kwanza, mwaka 1998 mvua za El Niño zilikuwa zimeshaua makumi ya wachimbaji pale pale. Mererani wachimbaji wanaitwa wanaapolo, na walikuwepo watoto wa kupenya kwenye matobo membamba ambayo mkubwa hapiti. Hao waliitwa nyoka. Jina zuri la utani, ila maana yake ni mtoto anayetambaa gizani, mita nyingi chini ya ardhi, kwa ujira wa kubahatisha.

Ukisoma habari za Mererani kitu kimoja kinajirudia: idadi ya waliokuwa chini ilikuwa haieleweki. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Hapo ndipo baiskeli za Thailand zinarudi. Kule mlangoni kulikuwa na ushahidi kwamba watu 13 wameingia na hawajatoka. Shimoni, kama hakuna daftari, mtu anaweza kuzama na hakuna anayejua kwamba alikuwepo.

KAHAMA: SIKU 41

Halafu kuna Nyangalata. Hii kila Mtanzania anatakiwa aijue kama anavyoijua ya Thailand, maana kwa siku imeizidi mara mbili na zaidi.

Tarehe 5 Oktoba 2015 kifusi kilishuka kwenye mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyangalata, Kahama, mkoani Shinyanga. Wanaume 6 wakabaki wamefukiwa chini. Juhudi zilifanyika, siku zikaenda, watu wakakata tamaa. Nchi ikapiga kura ikapata rais mpya, wale jamaa wapo chini. Rais akaapishwa, wapo chini.

Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa ameshafia mle ndani. Walikuwa wamekula mende, vyura na mizizi, na maji walikinga yale yanayodondoka kwa kutumia kofia zao za kazi. Mbinu ile ile ya watoto wa Thailand, miaka mitatu kabla yao. Hawakuja wazamiaji kutoka Ulaya wala kamera za dunia. Waliosikia sauti zao ni wachimbaji wenzao.

Sio kwamba Thailand watu ni majasiri zaidi. Tofauti ni kwamba kule kila mtu aligoma kuamini watoto wamekufa mpaka ahakikishe kwa macho.

KWANINI MPANDA

Mpanda ni mji ulioletwa na shimo. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, mji ukabaki, treni ikabaki. Leo Katavi, mkoa uliozaliwa 2012, una wachimbaji wadogo wa dhahabu, na mvua zake ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Miezi yote hiyo shimo lililoachwa wazi linageuka kuwa kisima, na mtoto aliyetumwa kuni au anayechunga mbuzi hajui kina chake.

Kibao cha Tham Luang kilisema Julai, mvua ikaja Juni. Mvua haisomi kibao. Shimo la kuchimba lenyewe mara nyingi hata kibao halina.

Mambo yaliyowaokoa wale watoto hayahitaji helikopta. Mtu wa juu ajue nani kaingia na anatoka saa ngapi, hata kama ni majina kwenye daftari la shule la kurasa 40. Wingu likifunga, watu watoke, dhahabu haioti miguu. Shimo lililoisha lifukiwe. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ikae kichwani kama namba ya mama. Na likitokea la kutokea, msiba usiwekwe haraka, Nyangalata imeshaonyesha binadamu anaweza kukaa chini siku ngapi.

WALIISHIAJE?

FIFA iliwaalika watoto wale kwenye fainali Urusi, hawakwenda, walikuwa hospitali. Agosti 2018 kocha na watoto watatu ambao hawakuwa na uraia wakapewa uraia wa Thailand. Ilibidi wazame ndipo nchi iwaandike. Mwanajeshi mwingine wa majini aliyeshiriki uokoaji alifariki Desemba 2019 kwa maambukizi ya damu aliyoyapata pangoni. Na mwaka 2023 mmoja wa watoto wale, ambaye ndoto yake ya mpira ilikuwa imempeleka mpaka Uingereza, alifariki huko huko akiwa na miaka 17. Alikuwa ameongezewa miaka minne na nusu, na akaitumia kucheza mpira.

Katavi mvua zikianza kuna mtoto atapita karibu na shimo. Kama wewe ni wa Mpanda, unalijua lipo mtaa gani. Litaje hapo chini kwenye maoni.