Feza za wanafunzi: nani anazihesabu? Swali lililoanza tangu Lovanium

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Congo analipa karo, na mara nyingi anaombwa pia mchango kwa ajili ya kamati ya wanafunzi: michezo, matanga, wagonjwa, kuwapokea wapya. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha shamba, kila franka ya mchango huo inatafutwa kwa shida. Mzazi ana haki ya kuuliza nani anashika feza hizo na nani anasoma hesabu. Swali hilo lina historia ndefu, na katika nchi hii watu walilipa damu kwa ajili ya maswali ya namna hiyo.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 kwenye kilima karibu na Léopoldville, leo Kinshasa, chini ya wakatoliki wa Louvain nchini Ubelgiji. Mwaka 1961, wakati uhuru haujatimiza hata mwaka mmoja, wanafunzi waliunda muungano wao wa nchi nzima, UGEC. Machi 1964, wanafunzi wa Lovanium waligoma. Walidai cogestion, yaani kusimamia chuo pamoja na wakubwa: kukaa kwenye baraza ambamo maamuzi yanakatwa, badala ya kungojea tangazo ukutani. Walielewa kwamba asiyekaa kwenye meza ya maamuzi hajui feza imepita wapi.

Januari 1968, wanafunzi waliandamana mjini Kinshasa kupinga ziara ya Hubert Humphrey, makamu wa raisi wa Marekani, aliyetaka kumwekea Lumumba shada la maua. Serikali ya Mobutu ilikamata viongozi wao, kisha ikavunja UGEC. Chama pekee cha vijana kilichobaki ni JMPR, tawi la vijana la MPR.

Lakini njaa haikuvunjwa. Burse, ile feza ambayo serikali ilimpa mwanafunzi kwa kuishi, haikutosha tena kwa sababu bei zilipanda. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi walishuka mjini kudai burse ya kutosha na sauti ndani ya vyuo. Askari waliwafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na kuna wazazi ambao hawakupewa maiti ya kuzika. Juni 1971, wanafunzi walipokumbuka wenzao, Mobutu aliwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini. Agosti mwaka huohuo, vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, viliunganishwa kuwa kimoja: UNAZA.

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Kamati ya wanafunzi ikawa kiungo cha chama cha serikali. Kiongozi ambaye cheo chake kinatoka juu anatoa ripoti juu. Haoni sababu ya kusimama mbele ya wenzake na daftari la matumizi. Uaminifu ulikufa polepole. Lubumbashi, Mei 1990, wanafunzi waliwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 watu wenye silaha waliingia kampasi na kuua. Hata hapo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake.

Historia hiyo inaacha somo la wazi. Kamati inayochaguliwa na wanafunzi inaweza kuulizwa. Kamati inayowekwa na wakubwa inaogopwa tu. Lakini uchaguzi peke yake hautoshi. Mtunza hazina asiwe yule anayeidhinisha matumizi. Kila mchango upate risiti. Mwisho wa muhula, hesabu ibandikwe mahali ambapo kila mmoja anapita: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Haya yanahusu pia kamati za wakimbizi wa ndani, ambako orodha ya mahema na michango ya matanga inapita katika mikono ya watu wachache. Kuomba hesabu si kumtukana kiongozi. Kiongozi mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, kwani hesabu iliyosomwa hadharani inazima uvumi kabla haujawa ugomvi.