Skuli Ndogo ya Chicago na Watoto Waliochambua Pamba



Wazee wetu walipotupeleka skuli walikuwa na mizani moja tu ya kuipimia, nayo ni daftari. Mtoto akirudi na daftari lililojaa, amesoma. Akirudi na udongo mikononi, amecheza. Mizani hiyo tungali nayo hadi leo. Kwa hivyo nimependa, katika kijitabu hiki cha kumbukumbu, kueleza habari za skuli moja ndogo ya watoto iliyothubutu kuiweka kando. Haikuwa skuli ya kwetu. Ilikuwa Chicago, nchini Marekani, na chini ya mwanzilishi wake haikudumu ila miaka minane.

Mwanzilishi huyo ni John Dewey, mwalimu wa falsafa aliyefika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1894. Mwezi wa Januari 1896 alifungua skuli katika nyumba ya kawaida ya kukaa watu, akiwa na watoto wapatao 15 na walimu wawili. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyozunguka maduka ya vyombo vya skuli akitafuta madawati yatakayowafaa watoto, asiyapate. Mwishowe mwenye duka mmoja, aliyekuwa na akili kuwapita wenziwe, akamwambia: wewe wataka mahali pa watoto kufanyia kazi, na hivi vyote tulivyo navyo ni vya watoto wa kukaa na kusikiliza. Naona maneno ya mfanyabiashara huyu yana elimu nyingi kuliko vitabu vingi vya ualimu nilivyovisoma.

Katika skuli ile watoto walipika, walishona, walifuma, walichonga mbao na kulima bustani. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapoitaja. Hudhani ilikuwa skuli ya kufundisha mikono ufundi, ili mtoto atoke seremala au mfumaji. Sivyo kabisa. Kazi ya mkono ilikuwa mlango tu. Chumba chenyewe kilikuwa hesabu, historia na ilimu ya maumbile.

Chukua mfano wa pamba, ambao Dewey aliueleza katika kitabu chake *The School and Society* cha mwaka 1899. Watoto walipewa pamba kama ilivyotoka shambani na sufu kama ilivyotoka mgongoni mwa kondoo, wakaulizwa: kwa nini watu wa zamani walivaa sana sufu kabla pamba haijaenea? Mwalimu hakuwajibu. Wakakaa kuichambua pamba kwa vidole, kutenga nyuzi na mbegu, na baada ya nusu saa ya kazi hawakupata hata wakia moja. Wakasadiki kwa urahisi kwamba mtu mmoja akichambua kwa mkono kutwa nzima hapati zaidi ya ratili moja. Wakazilinganisha nyuzi: za pamba ni fupi na laini, hazishikani, za sufu ni ndefu na zina ukwaru, zashikana zenyewe zikisokotwa. Basi jibu wakalipata mikononi mwao. Kisha wakaelewa kwa nini mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, iliyosajiliwa mwaka 1794, ilibadilisha nchi yao. (Nami naongeza kwamba mashine hiyo hiyo ndiyo iliyozidisha tamaa ya watumwa katika majimbo ya kusini, kwani pamba ikichambuliwa upesi yahitaji mashamba mapana zaidi.) Baadaye wakabuni upya kitana cha kuchania sufu, yaani mbao mbili zenye misumari, na jiwe lililotobolewa la kusokotea uzi, na baada yake pia ya kuzungushwa sakafuni.

Sisi tulio Uganda hatuna haja ya kuelezwa pamba ni nini. Mbegu za pamba ya biashara zilianza kugawiwa huku mnamo mwaka 1903, wakati skuli ile ya Chicago ikikaribia mwisho wake, na wazee wetu wengi walilipia kodi na karo kwa zao hilo. Lakini sikumbuki somo hata moja ambalo tulitiwa pamba mkononi. Nilipokuwa darasa la nne tulinakili ubaoni hatua za kuota kwa mbegu ya haragwe, moja hadi sita, na nje ya dirisha palikuwa na shamba la maharagwe lililochanua. Hapana aliyetutoa nje. Mtihani ulipokuja nilisahau hatua ya tatu, nikachapwa.

Nisiwafiche pia kwamba watoto wale nao walichoka. Katika somo la mapishi walikuwa wakilinganisha namna mbalimbali za kupika, na mmoja wao akakosa subira, akauliza kwa nini wasifuate tu maelezo yaliyoandikwa kitabuni, wapike, wamalize. Mwalimu hakumkaripia, bali aliwarudishia watoto wote swali hilo, nao wakaona kwamba mwenye kufuata maelezo tu hatajua sababu ya analolifanya. Wakaendelea. Wakachukua mayai, wakapima joto la maji kwa daraja zake, wakatazama ute mweupe unavyogeuka kwa kila daraja.

Skuli ilikua hadi watoto 140 na walimu 23. Bali haikuangushwa na watoto, wala na njia yake ya kufundisha. Iliangushwa na watu wazima. Mwaka 1903 iliunganishwa na skuli nyingine iliyokuwa imeletwa chini ya chuo kikuu hicho hicho. Walimu wa huku na wa kule hawakupatana, na hasa paliingia mzozo juu ya mke wa Dewey, Bi Alice, aliyekuwa mwalimu mkuu: je, cheo chake ni cha kudumu au cha mwaka mmoja? Mwaka 1904 wote wawili walijiuzulu, na Dewey akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Skuli yenyewe ingalipo na jina lake, lakini yale majaribio ya miaka minane yalikwisha siku ile.

Kabla ya hapo, watoto wakubwa walikuwa wamehitaji mahali pa kukutania vyama vyao vya mijadala na vya picha, wakaanza kujijengea nyumba ndogo. Kazi ilikuwa kubwa kuliko nguvu zao, wakawaita wadogo zao kusaidia, hata ikawa nyumba ya skuli nzima. Habari zake zimo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1936 na ndugu wawili wa kike waliofundisha pale, Katherine Camp Mayhew na Anna Camp Edwards, miaka 32 baada ya mwalimu wao mkuu kufunga mizigo na kuondoka.