Malka: Uwanja wa Mtoni wa Garissa

Mjini Torino, kaskazini mwa Italia, uko uwanja mpana unaoteremka hadi mto Po. Kando zake zina majumba ya matao, mtu hutembea kivulini mpaka karibu na maji. Mbele lipo daraja la mawe ambalo Wafaransa wa Napoleon walianza kulijenga mwaka 1810, na ng'ambo yake kanisa la kuba, ukumbusho wa kurudi kwa mfalme Vittorio Emanuele wa Kwanza. Mchungaji wa Garissa akifikishwa pale, nadhani swali lake la kwanza litakuwa: ng'ombe wanateremkia wapi?

Kwetu uwanja wa mtoni ni malka, upenyo kati ya mashamba unaofikisha mifugo kwenye mto Tana. Hauna jiwe lililochongwa. Una vumbi lililosagwa na kwato likawa laini kama unga, na ukingoni matope yenye mashimo ya nyayo yaliyojaa maji ya kahawia. Punda wa mikokoteni husimama kimya mitungi ikijazwa. Wakati wa jilaal, kiangazi kile kikali, mabwawa ya barani yakishakauka, malka hugeuka mahakama, baraza na kijiwe cha habari kwa mpigo.

Ukoo wa mfalme yule wa Torino nao umeacha alama huku. Kwa mkataba wa Julai 1924 Uingereza ilikubali kuipa Italia eneo la Jubaland, malipo ya kusimama upande wake katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1925 ikaikabidhi. Mfalme wa Italia siku hizo alikuwa Vittorio Emanuele wa Tatu. Kismayu ikaenda, na mto Juba pamoja nayo. Wafugaji waliozoea kutembea kati ya Juba na Tana wakaamka na mpaka katikati ya malisho yao. Upande wa Kenya mto mkubwa wa kutegemewa ukabaki Tana, ambao nao Waingereza waliufanya ukuta: Wasomali mashariki, Waorma magharibi.

Mto huohuo ukaja kuwa ngome. Waitalia walipoingia vitani mwaka 1940 na kuitwaa Moyale, majeshi ya Uingereza yaliutegemea mstari wa Tana. Kutoka huku yakasonga mbele chini ya Jenerali Alan Cunningham, askari wa Keya (King's African Rifles) pamoja na wenzao wa Gold Coast na Afrika Kusini, na tarehe 14 Februari 1941 Kismayu ikaanguka.

Soko la mifugo la Garissa halitazami mto, ila mto ndio uliolileta. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, ng'ombe wa Juba waliendelea kuvuka mpaka, hata kwa wingi zaidi, kuja Garissa na kupelekwa Nairobi na Mombasa. Dalali humshika mnunuzi mkono chini ya kitambaa. Bei husemwa kwa vidole, na aliyesimama hatua moja kando haambulii kitu.

Kuna uwanja mwingine ambako watalii hawaletwi. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa, na watu wakakusanywa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Walikaa pale siku kadhaa bila chakula wala maji. Tana ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka walipoketi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013.

Leo malka zinabanwa. Mashamba ya maembe na ndizi yanapanda na kushuka na mto, na mwenye shamba ana haki ya kulinda miche yake. Ugomvi wa wakulima wa Kipokomo na wafugaji mara nyingi huanzia kwenye ua mmoja wa miiba. Kisha mto wenyewe hufuta mipaka yote. Aprili 2024 ulifurika ukakata barabara kati ya Garissa na Madogo ng'ambo ya mto, watu wakavushwa kwa mashua pale magari yalipokuwa yakipita, na mashua moja ikapinduka, wengine wakafa. Maji yaliposhuka, nyua zilikuwa zimezolewa. Ng'ombe waliteremka popote walipotaka, kwa wiki chache.