Mweza Yote na Sindano: Mabishano ya Imani katika Jinja na Mbale, 1906–1928

Swali la kama Mungu huyajua yote yajayo, na kama ni hivyo binadamu amebakiwa na hiari gani, lilijibiwa zamani na Boethius, aliyefariki mnamo 524: Mungu hafungwi na wakati, kwa hiyo huyaona ya kesho kama ya leo, na kuona jambo si kulisababisha. Mashariki mwa Uganda swali hilo liliingia kupitia maradhi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, na Busoga iliumia vibaya sana. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeiteka Bukedi na kuanzisha mji wa Mbale kabla Waingereza hawajampunguzia mamlaka, alikuwa rais wa baraza la machifu wa Busoga kuanzia 1906 hadi 1913, miaka ambayo serikali iliwahamisha kwa amri wakazi wa ufuoni, Jinja ikiwa ndiyo makao ya utawala wa Mwingereza.

Aliporudi Mbale, akiwa na kinyongo, Kakungulu alijiunga na Wamalaki, yaani wafuasi wa Malaki Musajjakawa na chifu Joswa Kate Mugema, ambao kanisa lao lilijiita kwa Kiganda Katonda Omu Ayinza Byona, maana yake Mungu Mmoja Mweza Yote. Wakitegemea Kumbukumbu la Torati 18, waliwaweka madaktari kundi moja na waganga na wapiga ramli, wakafundisha kwamba anayemeza dawa amemtilia Mungu shaka. Kakungulu alikataa hata ng'ombe wake kuchanjwa. Hoja hiyo ina pengo, kwa sababu kusema Mungu aweza yote si kusema hutenda yote peke yake, na fundisho la Kikristo la maongozi, yaani Mungu kutimiza mapenzi yake kwa kupitia viumbe, humruhusu daktari kuwa chombo chake. Lakini pengo hilo lilikuwa na kazi: chanjo ilifika pamoja na askari na hati ya serikali, hivyo waliohubiri kwamba mkono wa mtu hauongezi kitu ndio waliotumia hiari yao kwa ukaidi kuliko Wakristo wengine wote.

Mnamo 1919 Kakungulu, baada ya kuyasoma sana maandiko ya Musa, alijitahiri pamoja na wanawe. Kwa majirani zake Wagisu, ambao tohara ya imbalu humfanya kijana kuwa mwanamume, hilo halikuwa la ajabu, ila Wamalaki waliliita la Kiyahudi, naye akajitenga nao na kuanzisha Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Mwaka uliofuata Malaki, aliyehamishiwa Kitgum na serikali, alisusia chakula hadi akafa. Abayudaya wangali wakiishi karibu na Mbale, kwenye kilima cha Nabugoye, na leo wana kituo chao cha afya mjini, kinachowatibu Wakristo na Waislamu pia.