Vipandikizi vya meno kwa taya la chini la kibogoyo: kupasuliwa mara moja au mara mbili?

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa Tabora, Nzega na Igunga tangu enzi za misafara ya Unyanyembe. Mzee akiwa kibogoyo huko bara, mara nyingi ni watoto wa visiwani wanaochanga fedha za matibabu. Wakitajiwa vipandikizi vya meno, hukutana na swali wasilolitarajia: ufizi ufunikwe na kupasuliwa tena baadaye, au uachwe wazi tangu siku ya kwanza? Hapa tunaeleza tofauti hiyo kwa taya la chini, kwani ndilo lenye taabu zaidi.

Meno ya bandia ya juu hushikwa na kaakaa. Ya chini hayana cha kuyashika, ulimi huyasukuma, na mfupa wa chini baada ya meno kutoka hupungua takriban mara nne ya ule wa juu. Mzee huishia kula uji na mchuzi. Akiwa msomaji wa Qur'ani hupata tabu na swad, sin na zay, herufi ambazo ncha ya ulimi husogea karibu na meno ya mbele ya chini.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titaniamu inayotiwa ndani ya mfupa. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na madini hayo, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wake wa kwanza. Kibogoyo hahitaji skrubu kwa kila jino. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza vipandikizi viwili tu mbele ya taya la chini, na juu yake meno ya bandia ya kubana na kutoa.

Njia ya Brånemark ni ya hatua mbili. Skrubu hutiwa, ufizi hushonwa juu yake, na mfupa huachwa kiasi cha miezi mitatu upone bila kuguswa. Kisha ufizi hufunguliwa tena na kuwekwa kishikizo. Katika njia ya hatua moja, iliyoenezwa na madaktari wa Uswisi, kifuniko kidogo hutokeza juu ya ufizi tangu mwanzo. Mfupa hungojewa vilevile, ila hakuna kupasuliwa mara ya pili.

Ipi inapona vizuri zaidi? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 hayakuona tofauti ya maana baina yake, ingawa wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache. Waliyafikia hayo kwa tahadhari moja inayomhusu kibogoyo hasa: meno ya bandia ya muda yakigonga kifuniko kinachotokeza, skrubu hutikisika kabla haijashikamana, na panapotakiwa mfupa pakaota nyama laini. Kwa mtu kama huyo, au skrubu isipokaza vizuri, au mfupa ukihitaji kuongezwa, kufunika ni salama zaidi.

Ipo na njia ya tatu, kubana meno ndani ya siku chache. Mfupa wa mbele wa taya la chini ni mgumu, kwa hiyo inawezekana, lakini inataka skrubu iliyokaza sana na daktari mzoefu. Mzee wa mbali asiharakishiwe hili kwa sababu tu familia ina hamu ya kumuona anatafuna.

Sasa hesabu ya safari. Kutoka Nzega hadi Tabora mjini ni kilomita 115 hivi, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 800. Kwa maoni yetu, mzee wa Nzega mwenye mfupa mzuri anafaa hatua moja, kwa sharti akubali kukaa bila meno ya chini wiki mbili hivi, kisha yachongwe kwa ndani na kutiwa kitu laini yasiguse vifuniko. Akiwa hatakubali kuyavua, bora alipiwe nauli ya safari ya pili. Kisukari kisichodhibitiwa kitibiwe kwanza, na sigara iachwe. Hivyo huharibu uponaji katika njia zote.

Kisharia, kutibu kilichopotea si kubadilisha maumbile. Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) aweke pua ya dhahabu pale ya fedha ilipooza, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Titaniamu haina hata mjadala wa dhahabu kwa wanaume. Kinachotaka kuulizwa ni unga wa mfupa wa kuongezea, kwani mwengine hutokana na nguruwe, na upo wa kiwandani. Katika madhehebu ya Shafi kusukutua ni sunna katika udhu na josho, na skrubu iliyomo mfupani haizuii kitu. Anayefuata kauli ya wajibu ayavue meno na asukutue.

Kuhusu Ramadhani, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitaja kutoboa na kung'oa jino miongoni mwa visivyofunguza, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Hata hivyo dawa za siku za mwanzo na chakula laini humtaka mgonjwa ale mchana, basi operesheni ipangwe Shawwal. Mgonjwa akifariki, skrubu haing'olewi mfupani.

Wallahu a'lam.